Re: Timu ya mtandaoni, mbona kila mtu kafungia ujuzi wake?
Mkuu umeuliza kwa nini timu yenu kila mtu anafanyia kazi kwake, grupu la WhatsApp lipo, mafaili yote yapo, na bado mtu akijua kitu anakausha. Mimi naona shida sio mtandao, ni kwamba hamjazoeana. Ofisini pale Posta saa nne mnashuka wote kunywa chai, unamuuliza mwenzio kitu kidogo kabisa hakuna anayekusikia, sasa hivi swali hilohilo linabaki limeandikwa grupuni na bosi analisoma, nani atauliza? Mtafiti Amy Edmondson wa chuo cha Harvard, Marekani, alichunguza timu 51 za kampuni moja ya uzalishaji, akatoa matokeo 1999, timu ambazo watu hawaogopi kuaibishwa ndo zinajifunza zaidi.

Halafu kuna mudi, yaani mtu kaamkaje siku hiyo. Meseji haina sura wala sauti, bosi akijibu "ok" tu mtu aliyeamka vibaya anajua kachukiwa. Kwetu dada mmoja wa Tegeta ndo peke yake aliyejua ripoti ya stoo inavyotengenezwa, akafokewa kwenye kikao mbele ya wote, tangu hapo ukimuuliza anasema yupo bize. Hakugoma, aliumia. Ilibidi aliyemfokea ampigie simu, sio meseji, amwombe radhi, na wiki ileile dada akatuma voisi ya dakika nane anaelekeza hatua zote.

Anzeni kupigiana simu wawili wawili, hata za kuulizana watoto tu. Na kama wewe ndo kiongozi, uliza wa kwanza grupuni kitu usichokijua.