Maswali na Majibu: Wekeni Chini Hilo Kopo

Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, barua zenu hugeuka sukari tupu. Safari hii nyingi zinauliza tamutamu za Idi za Bara Hindi, na kundi kubwa linauliza swali lilelile kwa maneno tofauti. Ambaye haoni lake hapa asome jibu la kwanza, huenda limo.

Shangazi, sheer khurma yangu, ile ya maziwa, tende na tambi, hukatika kila Idi. Nachemsha maziwa lita moja, natia kopo zima la maziwa mazito, tende, zabibu na pakiti ya tambi. Inatoka mabongemabonge, na ikipoa inasimama kama ugali. Kosa liko wapi? (Mama wa watoto wanne, Tanga)

Umeniandikia ugonjwa wote kwa sentensi moja. Tuanze na tende. Tende na zabibu zina uchachu wake, na ukizitupa kwenye maziwa yanayotokota, yanakatika. Wapishi wa Lucknow na Hyderabad kule India, na wa Karachi ya Pakistan, ambako hiki ndicho kinywaji cha asubuhi ya Idi, hutumia tende kavu zile ngumu. Huzilowesha usiku, huzikata nyembamba, kisha huzipitisha kwenye samli pamoja na lozi, pistachio na zabibu. Baada ya hapo ndipo zinaingia kwenye maziwa, moto umeshushwa. Kama unazo tende laini tu, zitie mwisho kabisa, jiko limezimwa.

Tambi sasa. Pakiti nzima kwa lita moja ni tambi za maziwa, na tambi za maziwa tunazijua tangu utotoni, hazina haja ya jina la kigeni. Sheer khurma inanyweka. Lita 2 za maziwa yasiyotolewa malai zinatosheka na gramu 60 au 70 za tambi nyembamba kabisa, zilizokaangwa kwa samli mpaka ziwe hudhurungi.

Na hilo kopo. Karibu nusu ya uzito wa maziwa mazito matamu ni sukari iliyoongezwa kiwandani. Ukilimimina mwanzoni, umeshaamua utamu kabla hujaonja, na chini panashika. Chukua sufuria yenye kitako kizito, tia lita zako 2, moto mdogo, koroga, kwangua ule utandu wa pembeni uurudishe ndani, mpaka ibaki lita moja na nusu. Inaweza kuchukua dakika arobaini au zaidi. Maziwa yatageuka rangi kidogo na kuanza kuwa matamu yenyewe. Ndipo utie sukari vijiko 4 vya chakula, uonje. Wengi hawatakihitaji cha tano.

Mtaniambia Shangazi ana ushamba, anachukia vya dukani. Ninachochukia ni kwamba siku hizi firni, yaani uji mzito wa mchele na maziwa, ni ya kopo, halwa ya karoti ni ya kopo, shahi tukda, yaani mkate uliokaangwa ukanyweshwa maziwa, ni ya kopo, na ukifumba macho huwezi kusema umekula ipi.

Gulabjamu na kaimati si kitu kimoja? (Kijana, Ilala)

Hapana. Kaimati ni unga na hamira. Gulabjamu ni maziwa.

Gulabjamu zangu nje zinaungua, ndani mbichi, shira haiingii. Natumia unga wa ngano vikombe viwili na maziwa ya unga kikombe kimoja. (Kisauni)

Hukusoma jibu la kijana wa Ilala. Umekaanga andazi ukalitosa kwenye shira, na andazi limekataa.

Asili yake ni khoya, yaani maziwa yaliyokaushwa motoni mpaka yakawa donge. Lita 1 ya maziwa ya ng'ombe hutoa gramu 200 hivi, au pungufu kidogo. Ya nyati, yanayotumika sana Pakistan na India ya kaskazini, hutoa zaidi kwa sababu mafuta yake ni mengi. Kwa gramu 200 za khoya unatia unga wa ngano vijiko 3 tu, wa kushikisha. Maziwa ya unga yanakubalika, lakini hesabu ni kikombe kimoja kwa vijiko hivyohivyo 3. Kusanya kwa vidole. Ukikanda kama chapati zitakuwa mpira.

Mafuta yawe ya moto mdogo. Kidonge kikitiwa kizame kwanza, kikae chini kidogo, kisha kiibuke taratibu. Kikiibuka papo hapo, toa karai motoni usubiri. Shira ni sukari na maji sawasawa, ichemke mpaka inate vidoleni basi. Ikifika kuvuta uzi imepitiliza, huo ni wa jalebi. Shira na gulabjamu zote ziwe na joto zinapokutana, kisha uziache saa mbili. Na ninyi mnaouza: mafuta ya samaki wa jana yanasikika hata ukiongeza iliki. Wateja wananyamaza kwa adabu tu.

Naomba orodha ya vitamu vya Idi vya Kihindi, nataka kupamba meza. (Mwanza)

Vya wapi? Kutoka Karachi hadi Dhaka ni mbali, na kila mji una wake. Kusema "vya Kihindi" ni sawa na mgeni kusema "chakula cha Kiafrika" mbele ya mtu wa Pemba.

Lucknow wana kimami sewai, tambi nyembamba zilizoiva ndani ya shira nzito yenye khoya na nazi. Hyderabad wana double ka meetha, ambayo ni mkate wa boflo uliokaangwa kwa samli ukanyweshwa shira na maziwa, na qubani ka meetha ya aprikoti kavu, inayoliwa na malai juu. Kokwa za aprikoti huvunjwa na kiini kutumika kama lozi. Onja kimoja kwanza: kikiwa kichungu, tupa vyote, maana vile vichungu vina sumu. Bangladesh wanapenda lachha shemai, tambi zilizokwisha kukaangwa zinazosubiri kumiminiwa maziwa ya moto, na mji wa Bogura umejijengea jina kwa tambi zake.

Ila kwa watu wa mwambao ningeshauri mtazame kusini, ambako wanapika na nazi kama sisi. Waislamu wa Malabar, kule Kerala, hutengeneza mutta mala: kiini cha yai hupitishwa kwenye kifuu chenye tundu, kikadondokea ndani ya shira inayochemka na kuwa nyuzi za dhahabu. Ute unaobaki hauendi bure, hupikwa kwa mvuke ukawa keki nyeupe ya kuwekwa chini ya nyuzi hizo. Halua ya Kozhikode nayo, inayong'aa na kuteleza, ukiiweka mbele ya mtu wa Unguja ataomba kahawa bila kuuliza imetoka wapi.

Na Sri Lanka wana watalappam, ambayo kwangu inazishinda zote. Wanaotajwa kuipeleka huko ni Wamalei walioletwa enzi za Waholanzi, na leo Idi ya Waislamu wa kisiwa hicho haikamiliki bila hiyo. Yeyusha gramu 250 za sukari guru nyeusi kwa maji kidogo, chuja, acha ipoe. Piga mayai 6 taratibu, usitoe povu. Changanya na tui zito kikombe kimoja na nusu, iliki, kungumanga, na korosho juu. Funika, pika kwa mvuke, moto mdogo, dakika arobaini hivi. Maji yakitokota kwa fujo itatoboka matundu. Sukari guru ipo, nazi ipo, korosho za Mtwara zipo. Bado mnaniulizia kopo.

Zarda yangu haina rangi kali kama ya harusini, na wali unakuwa mgumu. (Dodoma)

Wali ni mgumu kwa sababu umetia sukari kabla haujaiva. Sukari ikishaingia, punje hailainiki tena, hata uongeze maji. Uive kabisa kwanza, kisha sukari, samli, iliki na karafuu.

Rangi kali ya harusini iogope. India kuna rangi ya viwandani inayoitwa metanil yellow, imepigwa marufuku kwenye chakula, na bado hukamatwa ndani ya peremende na mithai. Unga wa njano usio na jina kwenye kifuko cha nailoni usiununue. Zafarani ya kweli ukiitia kwenye maji ya uvuguvugu hutoa rangi polepole na nyuzi zake hubaki nyekundu. Ikitema rangi yote mara moja, umeuziwa nyuzi zilizopakwa.

Idi ya kuchinja nayo ni sheer khurma? (Bujumbura)

Si lazima. Idi ya Fitri Mtume (s.a.w.) hakutoka kwenda kuswali mpaka ale tende, kwa idadi ya witiri, na ndiyo maana tende kwenye bakuli la asubuhi ile zina nafasi yake. Idi ya Adha alikula baada ya kurudi. Huko Bara Hindi ya kwanza huitwa Idi tamu, ya pili Idi ya mbuzi, na siku hiyo watu wanawaza maini.

Baba mkwe ana kisukari lakini anataka gulabjamu. Nimtilie asali badala ya sukari? (Muscat)

Asali ni sukari. Muulizeni daktari wake, si mimi. Pakistan, ambako sinia hizi hazina mwisho, makadirio ya kimataifa ya 2021 yaliipa asilimia 30.8 ya watu wazima wenye kisukari, kiwango cha juu kuliko nchi zote. Mzee mpeni firni ndogo isiyotiwa sukari, yenye lozi na iliki, na msimwekee sinia mbele halafu mkamkemea.

Ile karatasi ya fedha juu ya barfi inaliwa? (Wengi)

Ya fedha halisi, ndiyo. Isugue kwa vidole: fedha husagika ikawa unga, alumini hukatika vipande. Zamani ilifuliwa katikati ya ngozi na matumbo ya wanyama. India ilikataza mali ya mnyama katika kuitengeneza mwaka 2016. Haina ladha yoyote, mimi siiweki.

Sheer khurma ya asubuhi naweza kuwapa wageni wa jioni? (Temeke)

Kama ililala kwenye friji, ndiyo. Itakuwa imeganda, ongeza maziwa ya moto, si maji. Kama ilishinda mezani kwa joto la Dar es Salaam, mwaga.