Meno ya bunju hayaachi kukua

SWALI: Tangini nina bunju, yule samaki anayejivimbisha, wa kijivu mwenye madoa meusi, uso wake kama wa mtoto wa mbwa, urefu sentimita 15. Mwaka mzima namlisha minofu na kamba waliomenywa. Wiki mbili sasa anakifuata chakula, anakigonga kwa mdomo, kisha anakiacha. Maji nimepima, hayana kasoro. Anaumwa nini? Msomaji, Tanga.

JIBU: Samaki mgonjwa mara nyingi hasogelei chakula. Wako ana njaa, ila hawezi kuuma. Mwashie taa umtazame kwa mbele: utaona meno yamechomoza nje ya midomo, meupe, na mdomo haufumbi. Huyo ni Arothron nigropunctatus. Ana mabamba manne ya meno, mawili juu na mawili chini, yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, na yanakua maisha yake yote. Baharini huyasaga kwa kutafuna kaa, chaza na matumbawe. Minofu haisagi kitu.

Kama bado anaweza kuuma kidogo, mpe kaa wadogo, kamba wenye magamba na vichwa vyao, na chaza aliyefunguliwa nusu. Kama mdomo haufumbi kabisa, meno yakatwe. Daktari wa mifugo anayejua samaki akipatikana, mpelekee. Asipopatikana, kazi hii inafanyika nyumbani kwa kumlaza usingizi na mafuta halisi ya karafuu, si yale ya kuchulia yaliyochanganywa.

Chota lita 3 za maji ya tangi kwenye beseni safi. Matone 3 ya mafuta yatie kwenye kichupa chenye maji ya uvuguvugu, utikise mpaka yawe meupe kama tui, kwa sababu mafuta peke yake yataelea juu tu. Mimina nusu, subiri dakika chache, ongeza kidogo kidogo. Akilala ubavu huku mashavu yakiendelea kupumua, basi, usiongeze tena. Mshike kwa kitambaa laini kilicholowa, asitoke majini, ukate ncha milimita moja moja kwa koleo dogo la kukatia kucha. Usikaribie fizi. Usizidishe dakika moja, na mashavu yakisimama acha papo hapo. Mhamishie ndoo ya maji ya tangi yenye pampu ya hewa, umshikilie wima hadi aogelee mwenyewe.

SWALI: Watoto walimtoa bunju kwa wavu, akavimba. Tumemrudisha, sasa anaelea tumbo juu. Msomaji, Mombasa.

JIBU: Amemeza hewa. Ndani ya maji angemeza maji na kuyatema bila shida, ila hewa inamwia vigumu kuitoa. Zimeni taa, mwacheni atulie. Wengi huitoa wenyewe. Ikishindikana, lowesha mikono, mshike ndani ya maji, kichwa juu na mkia chini, umtikise taratibu sana. Utaona mapovu yakitoka mdomoni. Siku nyingine mhamisheni kwa bakuli lililojaa maji, si kwa wavu.

SWALI: Tangi langu ni lita 200, nina aina hiyohiyo ya madoa meusi. Najaza maji ya chumvi kila yanapopungua, lakini kipimo cha chumvi kinapanda, na nitrati (uchafu unaoyeyuka majini) imefika 60. Msomaji, Dar es Salaam.

JIBU: Maji hugeuka mvuke, chumvi inabaki. Kwa hiyo pengo la mvuke lijaze kwa maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa, yasiyo na klorini, mpaka haidromita (kipimo cha chumvi) isome kati ya 1.023 na 1.025. Maji ya chumvi ni ya siku ya kubadilisha tu: lita 40 kila wiki, gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, yaani kilo 1.4, yachanganywe na pampu kwenye ndoo kwa siku nzima kabla ya kutumika. Chumvi ya jikoni haifai, haina kalisi na magnesi za kutosha.

Nitrati inatokana na ulaji wake. Bunju mkubwa alishwe mara 3 kwa wiki, hadi tumbo liwe la mviringo kidogo, na mabaki yatolewe ndani ya saa moja. Hata hivyo, samaki huyu hufikia sentimita 30 na anahitaji lita 450 au zaidi. Lita 200 zinamfaa bunju mdogo aitwaye Canthigaster valentini, asiyezidi sentimita 11 hivi. Na kwa siku za umeme kukatika, weka pampu ya hewa ya betri karibu na tangi.

SWALI: Je, naweza kumweka bunju na konokono na kamba wa mapambo? Na nikimgusa sumu yake itanidhuru? Msomaji, Zanzibar.

JIBU: Hao atawatafuna. Kumgusa hakudhuru, ila vidole viwe mbali na mdomo wake. Sumu imo ndani ya mwili, hasa kwenye ini na mayai, na kupika hakuiondoi. Akifa, mzike mahali paka hawezi kufukua.