Kabla Hujageuza < Kuwa <=: Maneno kwa Wanaoanza Kuandika Vitanzi

Kila ninapokagua kazi za wanaoanza kuprogramu huona mchezo uleule. Kitanzi, yaani sehemu ya programu inayojirudia, kimetoa jibu lililopungua kwa moja; mwenye kazi anageuza < kuwa <=, anaendesha tena, jibu linazidi kwa moja; anarudisha <, anachomeka +1 mahali fulani, na jibu linapofanana na lile lililotolewa kwenye zoezi anashusha pumzi na kusonga mbele. Wadogo zangu, huko si kurekebisha hitilafu, ni kuipigia ramli. Sina nia ya kuwafundisha upya for na while, kwa kuwa mnazifahamu; nataka kuwaonyesha mahali ambapo vitanzi huvunjikia, kwa sababu havivunjiki popote tu.

1. Kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa kitanzi, jibu maswali matatu: kinaanzia wapi, ni kitu gani kinachobadilika katika kila mzunguko, na ni nini kitakachokisimamisha. Wengi wenu mnajibu la kwanza na la tatu, kisha mnadhani la pili litajijibu lenyewe. Halijijibu. Tarehe 31 Desemba 2008, vifaa vya kusikilizia muziki vya Zune vya gigabaiti 30, vilivyouzwa na Microsoft, viliganda kwa wakati mmoja mikononi mwa wateja. Ndani ya programu ya saa mlikuwa na while iliyogeuza hesabu ya siku kuwa mwaka: maadamu siku zilizosalia zilizidi 365, izunguke, na mwaka ukiwa mrefu, itoe siku 366, lakini pale tu siku zinapozidi 366. Sasa chukueni kalamu, mfuatilie siku ya 366 ya mwaka mrefu. Je, 366 inazidi 365? Ndiyo, ingia ndani. Je, inazidi 366? Hapana, basi usitoe chochote. Rudi juu, uliza tena swali lilelile juu ya namba ileile, na uendelee hivyo hadi betri iishe. Hiyo betri, kwa kweli, ndiyo iliyokuwa tiba: wateja waliambiwa waiache iishe chaji, kisha wawashe kifaa siku iliyofuata. Anayeusoma msimbo ule kwa haraka haoni ujinga wowote ndani yake. Kilichokosewa ni njia moja tu, ile ambayo mzunguko hupita bila kubadilisha kitu.

Kwa hiyo, kila penye if ndani ya while, pitia kila tawi na uhakikishe kwamba kuna kinachosogea.

2. Kuhusu mipaka: katika lugha ya Python, range(5) hutoa 0, 1, 2, 3 na 4, nanyi mmelalamika vya kutosha kwamba 5 imeonewa. Mwaka 1982 mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra aliandika maelezo mafupi ya kutetea utaratibu huu wa kuhesabu kuanzia sifuri na kuuacha nje mpaka wa juu, na hoja zake bado ni nzuri. Ukitoa mpaka wa chini kwenye mpaka wa juu unapata idadi kamili ya mizunguko, bila kujumlisha wala kutoa moja. Tena safu mbili zinazofuatana, kama 0 hadi 5 na 5 hadi 9, huungana bila kuacha pengo na bila kurudia kitu. Matatizo yenu mengi hutokana na kuchanganya vitu na nafasi zilizo kati ya vitu. Uzio wa mita 30 wenye nguzo kila baada ya mita 3 una nafasi 10 na nguzo 11, na programu haiwezi kujua kwamba ulichotaka kuhesabu ni nguzo. Amua mwenyewe, kwa kalamu, kabla ya kugusa ishara.

3. Usifute vitu kutoka kwenye orodha ambayo kitanzi chako kinaipitia. Jambo hili mmeambiwa, nami niliambiwa, na sikusikia.

Nilikuwa nimepewa kazi ya kutafuta wastani wa alama za mtihani kwa kila darasa. Mwanafunzi ambaye hakufanya mtihani aliingizwa kwa alama ya -1, na ilinipasa kuziondoa -1 hizo kabla ya kugawanya. Niliandika hivi, kwa kujiamini sana:

for a in alama:
    if a == -1:
        alama.remove(a)

Nikaijaribu kwa orodha niliyoibuni mwenyewe, yenye -1 chache zilizotawanyika huku na huko. Jibu likatoka sahihi. Nikaijaribu kwa orodha nyingine ya namna hiyohiyo, likatoka sahihi tena, nikakabidhi kazi. Kile ambacho sikukiona ni kwamba majaribio yangu yalikuwa na bahati, si usahihi. Chukueni orodha ya 4, -1, -1, 7. Kitanzi kinatazama nafasi ya 0 na kukuta 4. Kinatazama nafasi ya 1, kinakuta -1, kinaifuta. Papo hapo vilivyobaki vinasogea kushoto, na -1 ya pili inakalia nafasi ya 1, ambayo kitanzi kimekwisha kuipita. Kinakwenda nafasi ya 2, kinakuta 7, kinamaliza. Python haikulalamika hata kidogo. Katika majaribio yangu, kilichorukwa baada ya kila ufutaji kilikuwa alama halali, na alama halali ikirukwa haiidhuru hesabu, kwa kuwa haikuwa ya kufutwa.

Katika darasa moja la wanafunzi 40, wale 12 ambao hawakufanya mtihani walikuwa wameorodheshwa mwishoni, wamefuatana. Programu yangu ikafuta 6 na kuwaacha 6, ikajumlisha -1 zao pamoja na alama za wenzao 28, ikagawanya kwa 34, na wastani uliopaswa kuwa 60 ukatoka 49. Mwalimu wa darasa hilo akatakiwa kueleza kwa maandishi kwa nini wanafunzi wake wameshuka. Aliponijia kwa upole kuuliza kama hesabu zina uhakika, nilimjibu kwamba kompyuta haichoki wala haikosei kujumlisha. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo, kuliko msimbo wenyewe. Mwalimu akakaa chini na karatasi, akajumlisha alama moja baada ya nyingine, akaniletea karatasi ile bila neno la ziada. Niliitazama 34 niliyogawanyia, nikaitazama 28 yake, nikatamani ardhi ipasuke. Niliandika barua ya kusahihisha matokeo, na nikaenda kwa miguu yangu kumwomba radhi, jambo ambalo alilipokea vizuri kuliko nilivyostahili.

Dawa yenyewe ni mstari mmoja: tengeneza orodha mpya ya unavyovitaka, safi = [a for a in alama if a != -1], na uiache ya zamani kama ilivyo. Wanaoandika Java wana nafuu, kwa sababu huko kosa hili mara nyingi huangusha programu kwa ConcurrentModificationException, yaani onyo kwamba orodha imebadilishwa huku ikipitiwa. Programu inayoanguka hadharani haimpelekei mtu barua ya kujieleza.

Tangu hapo kila kitanzi changu hujaribiwa kwa orodha tupu, kwa orodha ya kitu kimoja, kwa orodha ambayo kila kitu ndani yake ni cha kufutwa, na kwa orodha ambayo cha kufutwa kimekaa mwisho. Orodha nzuri ya katikati, mnayoipenda ninyi nyote, ijaribuni baadaye kwa kujifurahisha.

4. Jumla = 0 ikae juu ya kitanzi, si ndani yake. Return iliyosogezwa ndani kwa nafasi chache hukuondoa kwenye funksheni katika mzunguko wa kwanza. Katika C na Java, nuktamkato (;) baada ya while (i < 10) ndiyo mwili mzima wa kitanzi, na i ikianzia chini ya 10, mabano yote uliyoyapanga vizuri chini yake hayatafikiwa kamwe.

5. Usisubiri desimali ilingane na kitu. Anza na 0.0, jumlisha 0.1 mara kumi, na utapata 0.9999999999999999, kwa hiyo while x != 1.0 itaipita 1.0 bila kuisalimu na kuendelea kupanda. Hesabu mizunguko kwa namba kamili, kisha gawanya kwa kumi.

6. Kitanzi ndani ya kitanzi si dhambi, ila kina bei, na bei hiyo haionekani unapojaribu kwa majina kumi. Vitu 10 huleta mizunguko 100. Vitu 1,000 huleta mizunguko 1,000,000, na ikiwa ndani kabisa unaiuliza hifadhidata swali, basi umeiuliza mara milioni moja. Mara nyingi swali hilo lingeulizwa mara moja tu, nje ya vitanzi vyote viwili, majibu yakawekwa kwenye kamusi ya programu (dict) na kuchukuliwa humo. Ukikuta swali la hifadhidata ndani ya for ya pili katika kazi yako, njoo tuketi pamoja kabla hujaipeleka kwenye seva, wala usije ukiwa umeshaipeleka.