Maswali ya wiki: Cha kutazama, cha kusikiliza na cha kusubiri

Barua za wiki hii karibu zote zina kilio kimoja: vitu vya kutazama vimekuwa vingi, muda ni ule ule. Nimechagua nane. Naanza na swali ambalo nimelifikiria kwa siku kadhaa kabla ya kushika kalamu.

Dada, mimi husubiri tamthilia imalize msimu mzima, halafu naimaliza kwa usiku mmoja au miwili. Wenzangu wanaofuatilia kila wiki wananicheka. Nani yuko sahihi?

Inategemea tamthilia yenyewe ilivyoshonwa.

Kukata hadithi pale inaponoga ni ufundi wa kale kuliko televisheni. Katika Alfu Lela Ulela, msimuliaji aliiponya shingo yake kwa kunyamaza kila alfajiri, mfalme akabaki na hamu na kumwacha hai mpaka usiku mwingine. Charles Dickens naye alitoa riwaya yake ya kwanza kwa vijitabu vya kila mwezi kuanzia mwaka 1836. Televisheni ikarithi ujanja huo huo. Mwaka 1980 tamthilia ya Marekani, Dallas, ilifunga msimu kwa mhusika wake maarufu kupigwa risasi, na aliyefyatua hakuonyeshwa. Watu walibishana miezi mizima. Jibu lilipotolewa tarehe 21 Novemba mwaka huo, Wamarekani zaidi ya milioni 80 walikuwa wameketi mbele ya runinga. Kwangu mimi, ule ubishi wa miezi yote ulikuwa nusu ya uhondo.

Mtindo wako wa kumeza msimu mzima nao una historia yake. Ulishika kasi kuanzia tarehe 1 Februari 2013, Netflix ilipoachia sehemu zote 13 za House of Cards kwa siku moja. Tangu hapo waandishi wengi wanaandika msimu kana kwamba ni filamu moja ndefu, na kazi ya namna hiyo ukiikatakata inapoteza ladha.

Basi jaribu mbili hizi uone tofauti. Ya kwanza ni The Pitt, iliyoanza Januari 2025 na mwezi Septemba ikachukua tuzo ya Emmy ya tamthilia bora. Msimu wa kwanza una sehemu 15, na kila sehemu ni saa moja ya zamu ile ile katika idara ya dharura ya hospitali. Nilipoianza nilitazama sehemu nne kwa mkupuo. Asubuhi yake nikagundua nimeshamsahau mgonjwa aliyeniliza saa chache tu nyuma. Nikarudi mwanzo, moja kwa wiki, na wale madaktari wakawa watu ninaowawaza hata nikiwa kazini. Tamthilia yenye wagonjwa wengi hivyo inahitaji siku za kupumua katikati.

Ya pili ni Adolescence, ya Uingereza, iliyotoka Machi 2025. Ina sehemu nne tu, na kila moja imepigwa kwa mkupuo mmoja: kamera inawashwa mwanzo na haikatwi mpaka mwisho. Inahusu mvulana wa miaka 13 anayekamatwa kwa tuhuma za mauaji. Hii itazame kwa siku moja, au mbili kwa kuzidi. Ukiiacha wiki nzima katikati, ule mshiko wa kooni unalegea, na mshiko huo ndio kazi yenyewe.

Niliona filamu imepewa asilimia 96 na Rotten Tomatoes, ile tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki. Nikasinzia kabla ya nusu. Hao wahakiki wanatazama nini?

Wanatazama filamu ile ile, ila asilimia hiyo haisemi unachodhani. Rotten Tomatoes huhesabu wahakiki wangapi, kati ya wote walioandika, waliipenda filamu. Haipimi waliipenda kiasi gani. Wahakiki mia moja wakisema kwa sauti moja kwamba filamu ni nzuri kiasi, si haba, inapata asilimia 100. Filamu nyingine ikiwagawa, sabini wakaiona ni kazi ya maisha na thelathini wakaichukia, inapata 70. Mimi ningeikimbilia hiyo ya 70.

Metacritic, tovuti nyingine ya namna hiyo, hufanya hesabu tofauti: hugeuza kila uhakiki kuwa alama, kisha hutafuta wastani, na baadhi ya magazeti hupewa uzito zaidi ya mengine. Zilinganishe namba hizo mbili. Ya kwanza ikiwa juu sana na ya pili ikiwa ya katikati, jua ni filamu isiyomuudhi mtu na isiyomtikisa mtu. Na lililo bora kuliko namba zote ni kumpata mhakiki mmoja ambaye mlipishana naye kwa sababu unazozielewa, ukaendelea kumsoma. Mtu unayejua mnapopishana ni msaada mkubwa kuliko wastani wa watu mia usiowajua.

Siwezi kusoma maandishi ya chini na kutazama kwa wakati mmoja. Je, nikichagua sauti zilizotafsiriwa nakosa nini?

Unakosa mengi, na mfano ulio karibu nami ni Squid Game ya Korea Kusini, ambayo kila mtu aliizungumza mwaka 2021. Kuna kijana aitwaye Ali, mfanyakazi mhamiaji, anayemwita mwenzake Sang-woo kwa neno la heshima la kumwitia bosi, sajangnim. Baadaye Sang-woo anamwambia aache hilo, amwite hyung, yaani kaka mkubwa. Katika Kikorea, neno hilo moja linahamisha uhusiano mzima. Anayezungumza Kiswahili hahitaji kuelezwa uzito wa kuambiwa "niite kaka". Tafsiri ya Kiingereza ililipitia neno hilo juu juu, na bila hilo kinachotokea kati ya wawili hao baadaye hakiumi inavyopasa kuuma. Sitasema ni nini.

Kuhusu kusoma: ni mazoea, na mazoea huja haraka. Filamu mbili za kwanza macho yatahangaika, ya tatu utasahau kwamba unasoma. Parasite, nayo ya Korea Kusini, ilikuwa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kuchukua Oscar ya filamu bora, mwaka 2020. Mamilioni ya watu waliokuwa wakisema "siwezi kusoma" waliisoma mpaka mwisho.

Ukiona bado ni kazi, anza na Flow ya mwaka 2024, kutoka Latvia. Paka, mbwa na wanyama wengine wachache wako ndani ya mashua, dunia imefunikwa na maji, na hakuna neno hata moja linalosemwa. Ilitengenezwa kwa Blender, programu ya bure ambayo yeyote anaweza kuipakua, na mwaka 2025 ikachukua Oscar ya katuni bora mbele ya kazi za studio tajiri. Habari hiyo ilinifurahisha kana kwamba nilishinda mimi.

Shikamoo dada. Nataka kuanza anime, hizi katuni za Kijapani, lakini kila ninayemuuliza ananitajia kitu chenye sehemu mia tano. Pa kuanzia ni wapi?

Marahaba. Usianzie kwenye mia tano.

Anime nyingi hutoka kwa robo za mwaka: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Robo moja hubeba sehemu 12 au 13, moja kila wiki, kwa hiyo mtu anayesema "anime ya msimu huu" anazungumzia miezi mitatu tu. Wewe anza na Frieren: Beyond Journey's End. Msimu wa kwanza ulianza Septemba 2023, ukaisha Machi 2024, na una sehemu 28.

Unajua filamu za mapambano zinavyokwenda: stelingi anahangaika, anapigwa, mwisho anamwangusha adui, na maandishi yanapanda. Frieren inaanzia hapo yanapopanda maandishi. Adui ameshashindwa, mashujaa wanarudi nyumbani, na kila mmoja anashika njia yake. Mmoja wao, Frieren, ni wa jamii inayoishi zaidi ya miaka elfu, na kwake ile safari ya miaka kumi ilikuwa kama alasiri moja. Anapokuja kuwatembelea wenzake baada ya nusu karne, wamezeeka, na kiongozi wao anafariki. Kwenye mazishi ndipo anapotambua kwamba hakuwahi kujishughulisha kumfahamu. Yote hayo yako katika sehemu ya kwanza, sijakuharibia. Zinazobaki ni mtu anayejifunza, kwa kuchelewa, kuwajali watu wenye maisha mafupi kuliko yake.

Nenda nayo taratibu.

Watoto wangu wana miaka mitatu na sita. Nimechoka na katuni za kelele. Ipo ambayo na mimi naweza kukaa nikaitazama?

Bluey, ya Australia, tangu mwaka 2018. Ni familia ya mbwa: baba, mama na mabinti wawili, na kila sehemu ina takriban dakika saba. Wazazi wa humo si wajinga wa kuchekwa, kama ilivyozoeleka kwenye katuni, na wala si watakatifu. Wanachoka, wanakosea, wanarudi kucheza. Anza na sehemu iitwayo Sleepytime, ya msimu wa pili. Maneno ni machache mno. Mtoto anajaribu kulala usiku mmoja kitandani mwake mwenyewe, na ndoto yake inabebwa na muziki wa mtunzi Gustav Holst, ule aliouandikia sayari ya Jupiter. Mwanao wa miaka mitatu ataona jua na sayari. Wewe andaa leso.

Dada, shemeji yangu kaniambia mwisho wa tamthilia nikiwa sehemu ya tatu. Niendelee au niache?

Endelea. Umepoteza mshtuko mmoja, lakini bado hujui watafikaje huko, na namna ya kufika ndiyo inayochukua saa zote zilizobaki. Wengi wetu tumerudia filamu tunazozipenda mara nne au tano, mwisho tukiujua fika.

Shemeji naye mwambie wazi kwamba imekuuma, maana hajui. Na mitandao ya kijamii mingi ina sehemu ya mipangilio ya kunyamazisha maneno: andika jina la tamthilia na majina ya wahusika wakuu siku moja kabla sehemu mpya haijatoka, uyaondoe ukishatazama.

Kwa nini siku hizi tunasubiri miaka mitatu kati ya msimu na msimu? Zamani tamthilia zilirudi kila mwaka.

Zamani msimu ulikuwa na sehemu zaidi ya ishirini, zikipigwa kwenye seti zile zile, mwaka hadi mwaka. Sasa msimu ni sehemu nane au kumi zenye ukubwa wa filamu, na picha za kompyuta peke yake huchukua miezi mingi. Kisha ukaja mwaka 2023. Waandishi wa Hollywood waligoma kuanzia tarehe 2 Mei mpaka mwishoni mwa Septemba, siku 148, wakidai malipo bora na ulinzi dhidi ya akili mnemba. Waigizaji wakaungana nao Julai mpaka Novemba. Tamthilia ya Severance ilitoka Februari 2022, na msimu wa pili ukaja Januari 2025. Migomo hiyo ni sehemu ya sababu. Stranger Things nayo iliwaweka watu wakisubiri tangu katikati ya 2022 mpaka Novemba 2025, waigizaji wake walioanza wakiwa watoto wakiwa wameshakuwa watu wazima.

Inachosha, nakubali. Ila waliogoma ndio wanaotuandikia hadithi hizi, na nilikuwa upande wao tangu siku ya kwanza.

Na wewe mwenyewe dada, wiki hii unatazama nini?

Kwa masikio, Song Exploder, podikasti inayotoka tangu 2014. Mwanamuziki anaufumua wimbo wake mmoja, ngoma peke yake, sauti peke yake, akieleza kila kipande kilitoka wapi, na mwisho wimbo unapigwa mzima. Sikiliza ule wa msanii unayempenda, kisha wa yule usiyemjua kabisa.

Kwa macho, nimerudia filamu ya Summer of Soul. Majira ya joto ya mwaka 1969 lilifanyika tamasha la muziki Harlem, New York, kwa Jumapili sita, bure. Walikuwepo Nina Simone, Stevie Wonder wa miaka 19 akipiga ngoma, na maelfu kwa maelfu ya watu bustanini. Lilirekodiwa kwa saa takriban 40, kisha mikanda ikawekwa, ikakaa karibu nusu karne bila kupata wa kuionyesha, wakati Woodstock, tamasha jingine lililofanyika majira hayo hayo, ilishakuwa jina linalojulikana duniani kote. Mwanamuziki Questlove aliifumua mikanda hiyo, akatoa filamu mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikachukua Oscar.

Kuna mahali Mahalia Jackson, malkia wa nyimbo za injili, hajisikii vizuri siku hiyo. Anamwomba Mavis Staples, aliyekuwa bado kijana, amsaidie kuimba. Mavis anaanza, na unaona kabisa hofu na furaha ya mtu anayeimba mbele ya aliyemtukuza tangu utotoni. Halafu Mahalia anasimama pembeni yake, anaipokea mic, na sauti inayotoka hapo siwezi kuiandika. Nimeirudisha nyuma mara tatu jana usiku, na leo nitaitazama tena.