Tundu la USB halipokei sauti

SWALI: Fundi, habari za kazi. Marehemu baba aliniachia iPod classic ya GB 160 aliyoinunua mwaka 2010. Imejaa Msondo, Sikinde na taarabu alizozihamisha mwenyewe kutoka kwenye CD zake. Gari langu la zamani lilikuwa na AUX, lile tundu la kuingizia sauti kwa waya, nikawa nasikiliza bila taabu. Sasa nina gari la 2019 kutoka Japan, lina USB na Bluetooth tu. Muuza vifaa mmoja aliniuzia waya wenye USB upande mmoja na pini ya hedifoni upande wa pili, shilingi 15,000. Nilipochomeka, redio haikuona kitu, na tangu siku hiyo iPod inatoa sauti sikio moja tu. Fundi mwingine anasema nimpelekee gari afungue redio "anichongee AUX". Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Dada, pole kwa mzee na pole kwa iPod. Gari usimpelekee huyo wa kuchonga, nitamfikia.

Tuanze na huo waya. Chini ya meza yangu ya kazi kuna kopo la rangi la lita 4 ninamotupia nyaya za namna hiyo. Nimeshalimwaga mara moja na sasa linajaa tena. Kila anayeuleta ana hoja ileile: huku umeingia, kule umeingia, sauti inakataaje kupita? Inakataa kwa sababu USB ya gari haisikilizi, inasoma. Inataka ikute mafaili ya nyimbo, iyafungue yenyewe, iyageuze kuwa sauti yenyewe. Kinachotoka kwenye tundu la hedifoni la iPod si faili tena, ni umeme unaopanda na kushuka, tayari kwa spika. Ni kama kumwimbia karani wa posta anayengoja umpe bahasha.

Watu hunijibu, "Mbona simu ya mwanangu ina kiwaya cha USB chenye tundu la hedifoni na kinaimba?" Kinaimba kwa sababu ndani ya kile kiwaya kuna chipu ndogo inayogeuza data kuwa sauti, na simu ndiyo inayoiendesha. Hapo sauti inatoka kwenye USB. Wewe unataka iingie, tena kwa waya mtupu usio na chipu yoyote.

Waya wako una asili yake halali. Kulikuwa na iPod shuffle, kale kadogo kasiko na skrini, ambako tundu la hedifoni ndilo lililotumika pia kuchaji na kuingizia nyimbo. Waya wake ulikuwa na sura hiyohiyo. Ukiuchomeka kwenye classic, kinachoweza kutokea ni kwamba USB ya gari ina volti 5, na kutegemea nyaya zilivyoungwa ndani, volti hizo zinaingia kinyumenyume kwenye njia ya hedifoni ambayo haikuumbwa kupokea umeme kutoka nje. Sikio moja linakufa. Muuzaji alikuuzia kiunguzi kwa shilingi 15,000.

Usikate tamaa bado. Lile tundu pana la chini, lenye pini 30, lina njia yake ya sauti isiyopita kwenye kikuza sauti cha hedifoni. Tafuta waya au kituo cha kuchajia chenye kutoa sauti kutoka huko chini, uunge kwenye spika yoyote ya nyumbani. Ukisikia pande zote mbili, kilichoungua ni njia ya juu tu na mashine ni nzima.

Ukipata hivyo, jaribu kwanza waya wake halisi wa pini 30 kwenye USB ya gari. Magari mengi ya mwanzoni mwa miaka ya 2010 yalikuwa yakiielewa iPod hadi majina ya albamu. Mapya mengi yanajua lugha ya iPhone za karibuni tu, kwa hiyo yanaichaji na kunyamaza. Dakika mbili zinatosha kujua.

Likinyamaza, ipo Bluetooth. iPod classic haina, unaiongezea kifaa kidogo cha kurusha, ukiunge kwenye ile njia ya sauti ya chini. Na hapa wauzaji wanakosea kila siku: ukisema "Bluetooth ya gari" wanakupa kipokezi, kile cha magari ya zamani yenye AUX ila hayana Bluetooth. Wewe shida yako ni ya upande wa pili, unahitaji kirushio. Tazama ubavuni: TX ni kurusha, RX ni kupokea, na vingine vina swichi ya kuchagua. Hakikisha kina betri yake, kisha zima Bluetooth ya simu yako na ujaribu kirushio hicho kwenye gari lako kabla hujalipa, kwa sababu zipo redio zinazotaka uthibitishe namba kwenye skrini, na kirushio hakina skrini.

Vile vya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara na kurusha kwa FM, achana navyo. Redio nyingi za Japan zinaanzia 76 na kuishia 90 au 95, wakati vifaa hivyo huanzia 87.5. Unabaki na dirisha finyu, na ukiingia nalo Dar unagombana na stesheni.

Sasa huyo wa kuchonga. Kazi yake huanza kwa kuchomoa betri. Redio nyingi za Toyota za Japan, umeme ukikatika bila kadi ya ramani yake kuwemo, zinaganda kwenye maandishi ya Kijapani zikidai kadi, na huyo fundi atakwambia redio "ilikuwa mbovu tangu bandarini". Asipoigandisha, atavua dashibodi na kutafuta waya wa sauti kwa testa ya balbu. Niliwahi kuletewa gari ambalo AUX ilichongwa kwenye nyaya za spika. Yaani iPod iliungwa mahali ambapo redio inasukumia sauti yenye nguvu, ikachomwa kwa dakika chache na redio ikafuata. Maungio yalikuwa ya kusokota kwa vidole na tepu nyeusi iliyoyeyuka kwa joto. Na pembeni kabisa palikuwa na plagi za njano. Njano ni airbag, mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Mtu asiyejua njano ni nini asipewe bisibisi karibu na usukani, awe wa redio, wa alamu au wa kamera ya nyuma. Zipo redio zenye plagi ya sauti nyuma ambayo mtengenezaji ameiacha wazi, na hapo kuongeza AUX ni kazi safi. Mwambie akuonyeshe mchoro wa redio yako. Akisema "mimi nimezoea", washa gari uondoke.

Ila kama ungekuwa dada yangu wa damu, kabla ya waya wala kirushio ningekuambia uhamishe nyimbo za mzee. iPod classic ina diski inayozunguka, haikutengenezwa tena tangu 2014, na kiwandani waliandika isihifadhiwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 45. Gari lililofungwa juani saa saba mchana linapita hapo bila kujitahidi. Mpe mtu wa kompyuta anayejua kutoa nyimbo kwenye folda iliyofichwa. Majina ya mafaili yatakuwa herufi nne zisizo na maana, asishtuke, jina la wimbo limo ndani ya faili. Aziweke mahali pawili: kwenye diski ya nyumbani, na kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32 (aina ya mpangilio wa kuhifadhi mafaili), maana redio nyingi hukataa ule mwingine uitwao exFAT. Hiyo flashi ndiyo uichomeke kwenye USB ya gari. Ukiweka iPod sikioni ukasikia mkwaruzo au tik-tik kama kucha juu ya kioo, usiiwashe tena kwa kusikiliza, ipeleke leo.