Muulize Stesheni Masta: Mabasi yanakwenda, reli ilikwama wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi nauza mawese, nayatoa Kigoma kwa madumu mpaka Tabora, na treni ndiyo mguu wangu. Wiki iliyopita tulibishana behewa zima la daraja la tatu. Kijana mmoja alisema reli wapewe watu binafsi kama mabasi, ndipo tutaacha kulala stesheni. Mzee mmoja akamkatiza: ilishapewa kampuni ya India, na tuliyaona. Nani mkweli? Na siku treni ikichelewa, madumu niyapakie kwenye basi?
Mama Mawese, Nguruka

JIBU: Marahaba, mama. Wote wakweli. Ila kijana alikuwa anazungumzia gari, na mzee alikuwa anazungumzia barabara.

Vijana wa leo hawakuikuta KAMATA, kampuni ya mabasi ya taifa. Kwao basi ni la tajiri fulani tangu dunia iumbwe. Hata Dar es Salaam, magari ya watu binafsi yaliruhusiwa kubeba abiria pembeni ya UDA, shirika la mabasi la jiji, mwaka 1983 tu, ndiyo hizo daladala. Na yalishika, kwa sababu tajiri ananunua basi, basi. Lami si yake. Kalavati likisombwa na mvua, TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, ndio wanaokesha porini na makatapila; yeye gari lake limeegeshwa stendi. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri, inampa leseni ya njia na nauli ya kutozidisha. Njia isipolipa, anahamia nyingine.

Sasa reli. Oktoba 2007 RITES ya India iliingia kwa mkataba wa miaka 25, hisa 51 kwa mia zake, 49 za serikali, ikazaliwa TRL, kampuni ya kuendesha treni. Reli yenyewe ilibaki mali ya RAHCO, shirika la serikali, lakini kuendesha treni na kuitunza njia vyote vilikuwa mabegani mwa TRL. Hebu fikiria tajiri wa basi aambiwe: nauli chukua, ila mashimo ya kutoka Dar mpaka Kigoma ziba wewe. Kilomita 1,254 zilizokamilika mwaka 1914, mataruma na madaraja yake!

Vichwa vya treni vikakodiwa kutoka India, wafanyakazi wakagoma kudai mishahara, kisha mwisho wa 2009 ukaja mto Mkondoa. Ulifumua reli kati ya Kilosa na Gulwe. Anayeijua Kilosa hashangai: reli na mto vimebanana kwenye bonde moja, na mto ndiye mwenyeji. Mwaka 2011 serikali ilikuwa imeshalichukua shirika lake. Watu wanapenda kusema tatizo lilikuwa Wahindi. Mbona mwekezaji ameondoka na mto umeendelea kula reli palepale? Jirani zetu Kenya na Uganda nao walikabidhi yao kwa kampuni binafsi, Rift Valley Railways, mwaka 2006, miaka 25 vilevile. Haikufika nusu, 2017 Kenya ikavunja mkataba.

Kwa hiyo kijana wako akisema “kama mabasi”, muulize: njia atatunza nani? Sheria ya Reli ya 2017 iliunganisha tena TRL na RAHCO kuwa TRC, shirika la reli la serikali, na ikaacha mlango kwa mwenye treni zake kupita juu ya reli ya serikali kwa malipo. Huo ndio mfano wa basi hasa, na mimi siuogopi.

Ninachohofia ni stesheni ndogo kama Nguruka yenu. Mwenye treni yake atakimbilia makontena. Nani atagombania kusimama Goweko, Malongwe au Kazikazi, ashushe bibi mmoja na kuku wawili? Nilikaa Saranda miaka sita; nimeona treni ikiondoka na wali wa watu umebaki mikononi mwa wauzaji, na bado ile treni ndiyo ilikuwa soko lao lote.

Wajerumani, waliotujengea hii reli, kwao tangu 1996 majimbo ndiyo yanayoagiza treni za mikoani. Mkataba unataja stesheni, saa na idadi ya safari, na jimbo linalipia pengo la nauli. Mwendeshaji aweza kuwa kampuni binafsi. Abellio, mmoja wa waendeshaji hao, ilipofilisika 2021, njia zake za jimbo la Nordrhein-Westfalen ziligawiwa wengine mwanzoni mwa 2022, na reli ikabaki pale pale.

Kwa hiyo wewe usiombe reli iwe ya binafsi wala ya serikali. Mbunge wenu akija, mwombe karatasi: treni itasimama Nguruka mara ngapi kwa wiki, na hasara ya kusimama hapo inalipwa kutoka mfuko gani. Akikujibu kwa hotuba, rudia swali.

Kuhusu madumu: makondakta wanayakimbia kwa sababu dumu moja likivuja kwenye buti, mabegi ya abiria wote yanakuwa mekundu. Weka nailoni chini ya kifuniko, funga kwa mpira, yasimame wima, na usiondoke bila risiti ya mzigo yenye namba ya gari. “Mama usijali, nakufahamu” si risiti.