Nimsaidie mtoto kwa kiasi gani?

SWALI: Assalamu alaykum. Nimemaliza kidato cha nne na sasa ninajitolea kuwa mwalimu msaidizi katika skuli moja ya msingi, Wilaya ya Wete. Mwalimu wa darasa la pili amenikabidhi mtoto wa kiume asiyesikia vyema kwa sikio la kushoto na ambaye husoma polepole. Ninakaa naye dawati moja tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho. Madaftari yake yamejaa na mama yake ameridhika, lakini hashiki penseli mpaka nimwambie, na akiulizwa swali hunitazama mimi. Niendelee hivi? Na nikitaka kubadilisha, nizungumze vipi na mwalimu asione kwamba ninamfundisha kazi?
Msaidizi, Wete

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, Bi Msaidizi. Usiendelee hivyo. Ulichokiona kimeonekana pia kwa wenzako wa mbali: utafiti mkubwa uliofanywa katika skuli za Uingereza na Wales kuanzia 2003 hadi 2008, ukiongozwa na Profesa Peter Blatchford, ulionesha kuwa watoto waliopata msaada mwingi zaidi wa wasaidizi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao wa hali kama yao waliopata msaada mdogo. Watafiti hawakuwalaumu wasaidizi, bali namna walivyopangiwa kazi, kwani mtoto alitengwa na mwalimu wake, na msaidizi, ambaye hakupewa muda wa kuzungumza na mwalimu kabla ya somo, alijishughulisha zaidi na kazi kumalizika kuliko mtoto kuelewa.

Kwa hiyo, anza kwa kuondoka kwenye dawati. Mwalimu akishatoa kazi, mwache mtoto aanze mwenyewe huku wewe ukipita kwa watoto wengine, kisha urudi. Akikwama, muulize kwanza ni kitu gani anachokifahamu katika swali hilo, na unyamaze; ukimya huo utakuwa mzito kwako kuliko kwake, na wasaidizi wengi hushindwa hapo hapo. Asipopata, mpe kidokezo kidogo, mathalani herufi ya kwanza ya neno, na kama bado, fanya mfano mmoja mbele yake kwa swali jingine, si kwa lile aliloulizwa. Kumwandikia jibu hakumo katika orodha hiyo hata siku za ukaguzi wa madaftari.

Kuhusu sikio, mkalisheni mbele, upande wa kushoto wa darasa kwa anayetazama ubao, ili sikio zima limwelekee mwalimu. Mwalimu aseme akiwa amewageukia watoto, si huku akiandika ubaoni, na maagizo muhimu yaandikwe pia. Mvua ya masika ikipiga juu ya mabati hakuna anayesikia, mwenye masikio mawili wala mwenye moja, na wakati huo kazi ya kuandika ina faida kuliko maelezo. Kama mtoto hajapimwa masikio hospitali, mzazi ashauriwe ampeleke.

Kwa mwalimu, usiende na hukumu, nenda na ombi. Mwambie, "Mwalimu, naomba dakika chache kabla ya kipindi unieleze unataka mtoto huyu ajue nini leo," na mweleze uliyoyaona bila ya kuyapamba. Mtoto huyo bado ni mwanafunzi wake, na ni vyema naye amwite ubaoni na kusahihisha daftari lake kama anavyofanya kwa wengine. Mkikwama nyote wawili, mwalimu mkuu anaweza kuomba ushauri kwa Kitengo cha Elimu Mjumuisho na Stadi za Maisha cha Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali.

Mama yake ndiye atakayeshtuka, maana madaftari yatapungua kujaa. Kubalianeni na mwalimu kuweka alama pembeni ya kila kazi, moja kwa aliyoifanya peke yake na nyingine kwa aliyosaidiwa, na mwalimu mwenyewe amweleze mama maana yake kabla hajaliona daftari.